Biff wa Death of a Salesman: nimuigize na hasira tupu?

MwanaShela
Waambaje wenzangu. Kikundi chetu hapa Lamu tunafanya tamthilia ya Death of a Salesman ya Arthur Miller na mimi nimepewa Biff, mtoto wa Willy yule muuzaji. Mkurugenzi ataka kila nikimwangalia Willy nimwangalie kama mtu niliyemfumania, manake Biff alifeli hesabu akamfuata babake Boston akamkuta hotelini na mwanamke. Sawa, lakini nikibeba hasira hiyo tangu mwanzo, pale mwisho anapomlilia babake nafikaje?

BintiMalindi
Kaka, Boston ilimvunja kweli, alirudi akavichoma hata viatu alivyoandika University of Virginia, chuo alichotaka kwenda, lakini mambo yaliharibika mapema. Aliiba mpira shuleni, Willy akacheka, akamwambia arudishe halafu papo hapo akasema kocha atampongeza! Mtoto akilelewa hivyo utamlaumu nani? Sasa ana miaka 34 na keshafungwa Kansas City kwa kuiba suti. Ukimuigiza kama aliyekosewa tu hatutamuona yeye mwenyewe akiamka.

BabuMkunguni
Mwanangu, shika ile kalamu. Biff amengoja siku nzima ofisini kwa Bill Oliver, bosi wake wa zamani, Oliver katoka kamuona dakika moja, hata hamkumbuki, na hapo ndo Biff anagundua hakuwahi kuwa muuzaji kwake, alikuwa karani wa kusafirisha mizigo, ule uongo wa nyumbani umerudiwa hata yeye kauamini. Akaiba kalamu akakimbia ngazi ghorofa 11, katikati akasimama akaona mbingu akajiuliza naiba hii ya nini. Kuanzia hapo hasira yake si ya kulipiza, ataka babake aache kumuota ndo wote wawili wapumue. Kilio kitakuja chenyewe. Na Willy masikini akiona machozi anafurahi kuwa mtoto ampenda, kisha aenda kujiua ili Biff apate bima ya dola 20,000, yaani hakusikia hata neno moja, mimi pale huwa nasimamisha kusoma.

MwanaShela
Shikamoo babu, ahsante sana, kesho mazoezini naanza na kalamu. Na ule mpira wa gesi, ile neli ambayo Willy alitaka kujiulia, Biff anaouweka mezani, niutoe polepole?

BintiMalindi
La, utoe ghafla, halafu ukandamize kwa mkono manake mamako Linda ataruka kuuchukua, na yeye usimwachie kabisa.