Naomba ushauri: bwawa la udongo linavuja kwenye kitako cha tuta

Wakuu, habari zenu. Nina bwawa dogo la udongo shambani, tuta lina kimo cha kama mita 3. Ni mali yangu, lakini kiangazi majirani wananyweshea mifugo hapo, na visima vilivyo chini yake huchelewa kukauka. Kwa hiyo likibomoka, hasara si yangu peke yangu.

Shida iko upande wa nje. Kwenye kitako cha tuta pametota hata jua likiwa kali. Ukikanyaga mguu unazama, na nyasi za pale ni mbichi kuliko kwingine. Maji yanayochuruzika bado ni maangavu. Najua bwawa la udongo halikosi kuvuja kidogo. Ninachoogopa ni yaanze kutoka na tope, maana hapo yatakuwa yanabeba udongo wa ndani na kutoboa tundu katikati ya tuta. Jirani ananishauri nizibe kwa mfinyanzi pale pale yanapotokea. Mimi naona ni hatari, maji yatajikusanya na kutafuta upenyo mwingine. Afadhali kutandika mchanga, kisha kokoto juu yake, ili maji yapite na udongo ubaki. Aliyewahi kufanya hivyo, tabaka ziwe nene kiasi gani?

Halafu kuna mti mkubwa juu ya tuta. Nikiukata, mizizi ikioza si itaacha matundu? Nikiuacha, inazidi kupenya.

Njia ya kutolea maji ya ziada iko sawa, ina nyasi. Naombeni majibu kabla mvua hazijaanza.