Mrejesho: mota za LEGO za volti 9 kuendeshwa kwa volti 12

Niliuliza kama mota za Power Functions (mfumo wa mota za umeme wa LEGO) za volti 9 zinaweza kuvumilia volti 12 kwenye gari la mbio la LEGO. Asanteni sana wote mlionijibu. Jibu fupi: zinavumilia, mradi mzigo uwe mwepesi.

Magurudumu yakiwa hewani, kasi hupanda karibu sawasawa na volti, yaani kama theluthi moja zaidi. Shida ni joto. Mota ikikwama, joto hukua kwa mraba wa volti, na 12 badala ya 9 ni karibu mara 1.8. Ndani yake mna kinga ya joto ambayo ukinzani wake hupanda ikipata moto, ikabana mkondo wa umeme. Ndiyo maana gari likipanda mlima linalegea ghafla, kisha likipumzika linarudi kama kawaida. Msiiondoe kinga hiyo jamani! Ndiyo inayookoa koili, yaani nyaya zilizozungushwa ndani ya mota.

Kilichonishangaza ni ekseli. Mota ilikuwa salama, lakini tundu la boriti (kipande kirefu cha LEGO chenye matundu) ambamo ekseli inazunguka lilianza kutoa unga mweupe wa plastiki, na ekseli yenyewe ikawa ya moto kuishika. Nimehamishia ongezeko la kasi kwenye gia ya mwisho, karibu na gurudumu, ili ekseli nyingi zizunguke taratibu.

Sasa natumia volti 12 kwa mbio fupi za tambarare tu. Kwa kupanda, narudi 9 na gia ya kupunguza kasi.