Je, kijana ajiandikishe mwenyewe au serikali imwandikishe?

Swali

Nilitimiza miaka 18 majuma mawili baada ya daftari la wapiga kura kufungwa, ilhali uchaguzi ulikuwa bado miezi mitatu. Siku yenyewe nilisimama nje ya kituo nikiwatazama wenzangu wakitoka na wino kidoleni, huku mkononi nimeshika kitambulisho cha taifa. Ikiwa serikali tayari ina picha yangu, alama za vidole vyangu na tarehe yangu ya kuzaliwa, kwa nini nipange foleni nyingine ili niipe taarifa zilezile? Na je, kura ya intaneti ingetusaidia vijana?

Jibu la 1

Pole sana. Hilo lako lina dawa, tena zimekwisha kutumika. California humwandikisha kijana tangu akiwa na miaka 16, jina lake likasubiri atimize 18. Sweden haimtaki mtu ajiandikishe kabisa, kwa kuwa daftari lake hutokana na rejista ya wakazi. Malaysia ilibadili katiba mwaka 2019, ikashusha umri wa kupiga kura kutoka 21 hadi 18 na kuruhusu uandikishaji wa moja kwa moja. Wapiga kura waliokuwa karibu milioni 15 mwaka 2018 wakafika milioni 21 hivi mwaka 2022.

Jibu la 2

Nakubali, lakini kuwamo daftarini si kupiga kura. Chile ilianza uandikishaji wa moja kwa moja mwaka 2012, na wakati huohuo ikaondoa ulazima wa kupiga kura; katika uchaguzi wa mameya na madiwani wa mwaka huo, zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakujitokeza. Kwa vijana kuna kikwazo kingine kisichosemwa sana, nacho ni kuhama. Anayesoma chuo mbali na nyumbani hukuta jina lake limebandikwa kwenye kituo kilicho karibu na wazazi wake, na nauli ya kurudi huko hana. Kuhamisha kituo kwa simu, hadi siku chache kabla ya uchaguzi, kungemfaa kuliko matangazo yote ya kumhimiza.

Jibu la 3

Kuhusu intaneti, Estonia imeitumia tangu mwaka 2005, lakini msingi wake ni kitambulisho cha kidijitali ambacho wananchi walikuwa nacho tayari. Norway iliijaribu mwaka 2011 na 2013, kisha ikaacha, kwa sababu wapiga kura waliingiwa na hofu juu ya usiri na haikuonekana kuwaongeza vijana. Mimi usiri ndio unaonisumbua. Kituoni unaingia peke yako. Nyumbani, mzazi au mwajiri anaweza kusimama nyuma yako ukibonyeza. Estonia humruhusu mtu kurudia kura yake, ya mwisho ndiyo ihesabiwe, na ya karatasi huifuta ya mtandaoni. Ni kinga nzuri, ila humsaidia tu yule atakayepata faragha kabla upigaji kura haujafungwa. Ningeanza na daftari.