Uchungu unakuja usiku, alfajiri unakata. Leo usiku wa nne

Mama wa Mbagala
Habari zenu wamama. Nina wiki 38 na siku 4, mimba ya pili. Tangu Jumatatu, ikifika saa 3 usiku tumbo linaanza kukaza. Kwanza kila dakika 12, baadaye 8, maumivu yanashuka kiunoni mpaka mapajani. Nakaa macho naandika muda nyuma ya kadi ya kliniki. Saa 10 alfajiri unakata kabisa, na mwanangu wa miaka mitatu muda si mrefu anaamka anataka uji.

Jumanne tulikwenda hospitali kwa bajaji. Nesi akapima, njia sentimita 2, akasema huu ni uchungu wa uongo, rudi nyumbani. Jana tena, bado 2. Nililia njia nzima, maana maumivu si ya uongo, nayasikia mimi. Mimba ya kwanza uchungu ulianza asubuhi, jioni nimeshampakata mtoto.

Sasa mama mkwe kaleta mizizi nichemshe ninywe njia ifunguke. Na mimi naogopa siku yenyewe nitajikaza nyumbani nikidhani ni yale yale. Mliopitia hili mlilalaje? Mlijuaje?

Mkunga mstaafu, Morogoro
Pole mwanangu. Hilo neno "uongo" sikulipenda miaka yote niliyokaa wodi ya wazazi. Mfuko wa uzazi unakaza kweli, mlango wake unalainika, ila bado haujaanza kufunguka kwa kasi. Na sentimita 2 isikuvunje moyo: tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linahesabu uchungu uliokolea kuanzia sentimita 5.

Leo tumbo likianza, nenda haja ndogo, kunywa maji, oga ya uvuguvugu, kisha lala ubavu na mto katikati ya magoti. Kiuno kikizidi, piga magoti uegemee kitanda. Huu wa kujiandaa mara nyingi hulegea. Ule wenyewe haujali umeoga wala umelala, unazidi kukaribiana na kuuma. Usiandike muda usiku kucha, utajichosha bure. Ukija kila dakika 5, kila mmoja ukikaa kama dakika nzima, kwa muda wa saa moja, ondoka. Uzazi wa pili hukimbia, kwa hiyo ukiona unaongeza kasi usisubiri hata hiyo saa.

Mizizi usinywe, nakuomba. Ipo inayokaza mfuko kwa nguvu isiyopimika, mtoto akakosa hewa, mfuko ukapasuka. Diklofenaki ya duka la dawa pia hapana. Parasetamoli inaruhusiwa, uliza kipimo kliniki.

Chupa ikipasuka, damu ikitoka, mtoto akipunguza kucheza, au kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, hapo huhesabu dakika. Nenda hata kama ni mara ya kumi.

Mama wa Likoni
Dadangu, mimi yalinishika siku sita. Kilichoniokoa ni usingizi wa mchana: mamangu alimchukua mkubwa baada ya chakula, nikafunga pazia nikalala. Siku yenyewe nilijua kwa sababu nilishindwa kumaliza kusema neno uchungu ukija. Nilikuwa nimerudishwa mara mbili. Ya tatu nikapokewa na sentimita 7. Lau ningeona haya, ningezalia kwenye feri.

Mama wa Mbagala
Asanteni, nimelia tena lakini safari hii nafuu. Nimemsomea mama mkwe ile ya mizizi. Amenyamaza kidogo, halafu kasema leo atalala na mjukuu wake. Mtoto tumboni anacheza vizuri. Mkunga, mchana umetoka ute wa pinki kidogo. Hiyo si damu unayosema?

Mkunga mstaafu, Morogoro
Hapana, huo ni ute wa mlango wa kizazi. Baada yake inaweza kuwa saa chache, inaweza kuwa siku kadhaa. Ukigeuka damu nyekundu inayotiririka, ondoka hapo hapo. Sasa kaoge, saa 3 inakaribia.