Mjadala: Dawa za cheti zipigwe marufuku bila cheti, au tuanze kwa kupiga marufuku nusu dozi?

Mvutano wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Upande mmoja unataka kila duka la dawa nchini Tanzania linalouza antibayotiki (dawa za kuua bakteria) bila cheti cha daktari lifungiwe mara moja. Upande wa pili unajibu kwamba hospitali iko mbali, foleni ni ndefu, gharama ya kumwona daktari na kupima inazidi bei ya dawa yenyewe, na kwamba anayetaka marufuku hiyo hajawahi kukesha na mtoto mwenye homa huku mfukoni hana kitu. Kuhusu hatari, mimi niko pamoja na upande wa kwanza. Ninapotofautiana nao ni mahali pa kuanzia.

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la duka la dawa mtaani kwetu, nikisubiri dawa ya presha ya mama yangu. Mbele yangu alikuwapo dada mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Alisema, "Kaka, naomba zile za rangi mbili, za elfu moja." Muuzaji hakuuliza anayeumwa ni nani wala anasumbuliwa na nini. Alichukua mkasi, akakata vidonge vinne kutoka kwenye karatasi ya vidonge kumi, akavitia kwenye kibahasha na kuandika juu yake "1x3". Vidonge vinne kwa kipimo cha moja mara tatu ni dawa ya siku moja, na kimoja cha kumezea asubuhi ya pili. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilibaki dukani, kwenye kipande cha karatasi ambacho mkasi haukukigusa.

Mauzo yale hayakuchukua hata dakika mbili, na kwa macho ya kawaida yalikuwa msaada. Lakini ikiwa ugonjwa ulikuwa mafua, dawa ile haikuwa na kazi yoyote, kwa sababu mafua huletwa na virusi na antibayotiki haiui virusi. Ikiwa walikuwa bakteria, basi wale dhaifu walikufa, mgonjwa akapata nafuu na kudhani amepona, huku wale wenye uwezo wa kuihimili dawa wakibaki na kuzaliana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alitoa onyo hilohilo mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel: kwamba itafika siku mtu yeyote ataweza kujinunulia dawa hiyo dukani, atumie kiasi kisichotosha, na kuwafundisha vijidudu kuishinda. Watafiti wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya usugu wa bakteria dhidi ya dawa, na mzigo mzito zaidi uliangukia Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa malaria hatuhitaji kuambiwa na mtu wa nje. Klorokwini ilitutibu kwa miaka mingi, lakini mwaka 2001 serikali ililazimika kuiacha kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ikaja SP, dawa nyingine ya malaria, nayo ikachoka haraka, na mwishoni mwa 2006 tukahamia dawa ya mseto, yaani dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Sababu za usugu huo ni nyingi, na matumizi holela ni mojawapo. Sasa dalili za vimelea kuanza kuizoea artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya mseto, zimeonekana Rwanda, Uganda na hata kwetu Kagera. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, na bado wapo wanaoacha siku ya pili homa ikishuka ili vinavyobaki viwe akiba ya nyumbani.

Mdogo wangu wa kiume alimeza dozi mbili za mseto mfululizo bila kupima, kwa kuwa kila homa kwake ni malaria. Alipofikishwa kituo cha afya, kipimo hakikuonyesha malaria. Daktari alipomsikiliza kifua alikuta nimonia iliyokwisha kukomaa. Alilazwa siku tisa. Mseto haukumdhuru, lakini ulimpotezea muda.



Turudi kwenye marufuku. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzishwa kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi (dawa zisizohitaji cheti), yaliruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki kupitia wauzaji waliopewa mafunzo, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba vijijini duka ndilo lililo karibu. Tukiyafunga yote kesho, dada yule hataenda hospitali. Atanunua kwa mchuuzi wa mnadani ambaye hana mafunzo wala leseni.

Ndiyo maana napendekeza tuanze na mkasi. Iwe marufuku kukata antibayotiki au mseto chini ya dozi kamili, mjini na kijijini, na mkaguzi aulize jambo hilo kabla ya lingine lolote. Pili, homa ipimwe kwanza, kwa kuwa kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone moja la damu na dakika zisizozidi ishirini. Cheti kwa kila antibayotiki kidaiwe mijini, ambako kituo cha afya hakiko mbali.

Najua pendekezo langu lina pengo, na ningependa wauzaji wa dawa wanijibu kwa uzoefu wao: mteja akifika na mtoto anayechemka, mkononi ana elfu moja, na dozi kamili ni zaidi ya hapo, nyinyi mnafanya nini?