TB ya mgongo au kansa? MRI ya baba mdogo imetuchanganya

Mjukuu_wa_Bibi: Wakuu habari za jioni. Baba mdogo ana miaka 61, mgongo unamuuma mwezi wa tano huu, mwanzoni tukasema ni jembe tu, akachuliwa, akapewa diklofenaki, wapi. Sasa kakonda, usiku jasho mpaka shuka linalowa, kikohozi hana. Eksirei haikuonyesha la maana, tukajichanga MRI, majibu yanasema pingili mbili zimeliwa, TB au kansa iliyosambaa. Shangazi anataka aanze dozi ya TB leo leo. Hivi wanatofautishaje?

Kiduku76: Pole mkuu. Kukonda na jasho haviamui kitu, na TB ya mgongo wengi hawakohoi. Cheki ripoti inasemaje kuhusu disiki, ule mto wa katikati ya pingili. Maambukizi mara nyingi yanakula disiki pamoja na pingili zinazopakana nayo na usaha unajikusanya pembeni, kansa inakula mfupa disiki inaiacha. Ila TB nayo janja, kuna wakati inaiacha disiki nzima, ndo maana msoma picha kaandika yote mawili.

Ngosha wa Ziwani: Aanze tu dozi, akipata nafuu ndo TB hiyo.

MamaWawili: Ngosha acha hizo, dozi ya TB ya mgongo inakaribia mwaka, kama ni kansa utagundua lini? Wachukue kinyama kwa sindano. Na mwambieni daktari kabisa kipande kimoja kiwekwe fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama, kwa ajili ya kupima kansa, kingine KISIWEKWE, kiende GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, na kuoteshwa vimelea maabara. Mama yangu waliweka chote fomalini, jibu likaja sio kansa, haya ni nini sasa? hakuna cha kuotesha, fomalini imeshaua vimelea, akachomwa upya. Na kwa mwanaume wa umri huo wapime PSA pia, kile kipimo cha damu cha tezi dume, kansa ya tezi dume inapenda sana kukimbilia mgongoni.

Mjukuu_wa_Bibi: Nimeisoma tena, disiki imeliwa na kuna usaha kushoto. Kinyama wamesema Jumatatu.

Kiduku76: Hapo inaelekea maambukizi, ila kinyama kiko palepale. Miguu vipi, ina nguvu? Mkojo anaumudu?

Mjukuu_wa_Bibi: Mkojo sawa. Miguu anasema mizito, jana kajikwaa mara mbili mlangoni.

MamaWawili: Weee, Jumatatu ya nini tena! Hiyo ni mishipa ya fahamu inabanwa, mpelekeni emajensi usiku huu na hiyo CD ya MRI mkononi.

Mjukuu_wa_Bibi: Tunatafuta gari.