Fizikia: nimalize tasnifu, niende kiwandani, au nikae nyumbani na Python?

Katuba_Gama
Jambo yenu wote. Niko asistanti wa fizikia hapa Lubumbashi, mwaka wa sita sasa. Tasnifu yangu ni juu ya unururifu wa asili, yaani miale inayotoka yenyewe kwenye udongo: unakausha udongo, unausaga, unaufunga kwenye kopo, unauweka mbele ya detekta inayohesabu hiyo miale, unangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Ukihesabu mapigo 100, kosa lako ni asilimia 10; ukitaka asilimia 1 sharti yafike 10,000. Kwa udongo wetu huu kila sampuli inakula saa 24. Wiki iliyopita nilikuwa saa ya 19, kilele cha potasiamu-40 kwenye grafu, pale nishati ya 1461 keV, kimeshasimama kama kichuguu, mara delestaje, umeme umekatwa. Betri ilishika dakika 11.

Sasa nina njia tatu. Kubaki nimalize. Au kiwanda cha shaba upande wa Kolwezi, wanatafuta mtu wa data. Au kampuni ya nje inayochukua watu wa kuandika programu kwa Python, wanafanya kazi nyumbani kwao. Mke anasema niende, popote. Promota wangu, anayesimamia tasnifu, sijamwambia kitu. Ninyi mliotoka, mlitokaje?

YayaShaba
Mdogo wangu, mimi nilitoka miaka minne iliyopita, niko kwenye jumba la elektrolisisi, pale umeme unapotoa shaba kwenye mmumunyo. Nikuambie tunachofanya, maana hilo neno "data" linadanganya watu. Faraday alishatupa hesabu: ampea 1 ikipita saa 1 inaweka gramu 1.186 za shaba kwenye kathodi, lile bamba inaposhika shaba. Kwa hiyo unajua shaba iliyotakiwa kutoka, na unapima ile iliyotoka kweli. Mimi nalipwa kuelezea pengo la katikati. Pengine ni chuma kilicho ndani ya mmumunyo kinakula umeme bure. Pengine kathodi imepinda, imegusa anodi, bamba la upande wa pili, umeme umepita njia ya panya.

Mwezi wangu wa kwanza hesabu ilinitolea ufanisi wa asilimia 103, yaani shaba kuzidi ile ya Faraday, haiwezekani. Nilikesha siku mbili natafuta kosa kwenye programu yangu. Kumbe mzee mmoja wa zamu, hajui hata kuwasha kompyuta, akanishika mkono hadi kwenye kipimo cha ampea: skrubu ya waya imelegea, chumvi ya buluu imeifunika yote. Akaikwangua kwa ukucha, akaikaza kwa bisibisi, basi. Mimi nikaandika ripoti ya kurasa 14 pamoja na uchambuzi wa makosa. Shefu alijibu neno moja: "Imerekebishwa?"

Fizikia hutaiacha, usiogope hilo. Ila hakuna wa kukupa miezi mitatu ili ujue kwa nini.

Elektroni_ya_Kenya
Asilimia 103! Yaya, hapo ungeomba Nobel kabla ya kukaza skrubu 😂

Bukavu_Vekta
Mimi niko njia ya tatu, na nitaisema vibaya kidogo kwa sababu kila mtu anaisifu. Mtihani wa kuingia haukuulizi fizikia. Wanakupa dakika 45, mtu anakutazama kwenye kioo cha kompyuta, wewe unapanga orodha na kutafuta njia fupi kwenye grafu. Nilijua Monte Carlo, zile hesabu za kubahatisha namba, vizuri sana; Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, sikuijua. Nilianguka mara mbili. Kaka, kama bado unahifadhi faili kwa jina la "mwisho_kabisa_2.py", anza na Git leo usiku.

Pesa ni nzuri mwezi inapokuja. Mkataba wangu wa kwanza ulikatwa kwa barua pepe ya mistari minne, siku ya Ijumaa. Matibabu ni yako, likizo ni yako, umeme ni wako. Nilinunua paneli na betri kwanza, kompyuta mpya baadaye, na sijajuta. Saa hazisumbui: sisi wa mashariki tuko sawa na Johannesburg, na majira ya joto hata na Paris. Ila wakiwa California, mkutano wao wa asubuhi unakukuta unasonga bugali.

MzeeUbao
Wanangu, nimesoma kimya. Nobel ya fizikia ya 2024 walipewa Hopfield na Hinton kwa mambo ya mashine zinazojifunza. Huyo Hopfield, mwaka 1982, alichukua wazo la sumaku ndogondogo zinazogeuzana mpaka zinatulia pale nishati inaposhuka, akalifanya kuwa kumbukumbu. Mtu anayeulizwa "imerekebishwa?" kila asubuhi atawaza hivyo saa ngapi? Halafu mwaka wa kwanza wamejaa mpaka dirishani, na wanaojua kuwasha ile detekta ni watu wawili.

YayaShaba
Kwa heshima, mwalimu. Hopfield alikuwa na mguu mmoja Caltech, chuo cha California, wa pili Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu.

MzeeUbao
Nakubali. Kampuni ile ilikuwa na subira. Kiwanda chako kinayo?

YayaShaba
Hakina.

Katuba_Gama
Asanteni sana, kweli. Leo nimewapigia kiwandani. Wanafanya siku 14 ndani, 7 nje. Nikapiga hesabu: siku 7 ni sampuli 7, umeme ukinihurumia. Zimebaki 31, kwa hiyo mizunguko 5. Nikibaki chuoni ninafundisha, ninasahihisha, ninapata labda sampuli 2 kwa wiki, ni wiki 16. Nikienda Kolwezi ni wiki 15! Tatizo ni barabara, kilomita 300 na zaidi, nifike nimekufa. Na nani atabaki na ufunguo wa maabara.

Bukavu_Vekta
Mshahara wa kwanza, betri ya detekta. Kabla ya suti.

Elektroni_ya_Kenya
Na promota wako je? Utamwambia lini?

MzeeUbao
31? Ripoti ya mwezi uliopita uliniandikia zimebaki 26. Jumatatu saa 3 asubuhi, ofisini kwangu. Uje na daftari, na huo ufunguo.

Elektroni_ya_Kenya
Aiii mama.